Mama Mwali na Kinasa Sauti

Redio ikinyamaza, watu wengi huipiga kofi. Mimi huchukua bisibisi. Ndivyo nilivyo tangu zamani: siwezi kuona kitu kimefungwa nisitake kujua ndani kuna nini. Hata watu wakinong'ona mbele yangu nitawauliza wamesema nini, sioni haya. Kwa hiyo Mungu alipoamua kunipa mtihani alinipa wa saizi yangu kabisa. Alinipa mashine iliyojaa maneno ya mama yangu mzazi, na mimi peke yangu, katika wanawake wote wa ukoo, nisiruhusiwe kuyasikia.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha vitu vya umeme pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Ilikuwa miaka ya soko huria, bidhaa zimefunguliwa, na kila basi lililotoka Dar es Salaam lilishusha mtu mwenye begi la vitu vya Dubai. Tochi, redio za mkononi, saa za kupiga kelele, vitu ambavyo hata anayeviuza hajui vinatumikaje. Ndivyo nilivyoipata ile rekoda. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, inaenea kiganjani, ina kioo kidogo na vitufe vya kubonyeza kwa kucha. Yule mchuuzi aliniambia ni rekoda ya waandishi wa habari, haina kaseti.

"Haina kaseti? Sasa sauti inakaa wapi?"

"Humo humo."

"Humo wapi?"

"Dada, mimi nauza tu."

Niliinunua kwa sababu ya jibu hilo. Sikuwa na mpango nayo. Niliiweka chini ya meza ya kibanda, nikawa naitoa kila nikipata nafasi, naigeuzageuza. Kama mama yangu asingeugua ningeimaliza kwa bisibisi, nina hakika.

Mama alikuwa anaishi Kisanga, shambani kwake, na mbuzi wake na kelele zake. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, naye akasikia na akajua amekosa nini. Mwaka ule sauti ikaanza kukwaruza. Kwanza akasema ni vumbi. Halafu akasema ni baridi. Nilipoona hata mbuzi hawageuki akiwaita, nikampakia kwenye basi. Hospitali ya kwanza ikatupeleka ya pili, ya pili ikatupeleka Dar es Salaam, na huko wakamwona uvimbe kooni. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, alimwamkia kwanza ndipo akamweleza.

"Bibi, uvimbe huu tukiuwahi utapona. Lakini kisanduku cha sauti tutakitoa pamoja nao. Hutaweza kusema tena."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa.

"Nitakuja Desemba," akasema.

"Desemba ni mbali, bibi. Usisubiri."

"Desemba," akarudia mama, akasimama, akajifunga khanga.

Njia nzima ya kurudi tuligombana. Yaani abiria wa basi zima walijua habari zetu. Mimi nalia, nasema unataka kufa kwa ukaidi. Yeye ananijibu kwa ile sauti ya kukwaruza kwamba nipunguze makelele, watu wanataka kulala. Sababu yake nilikuwa naijua, na ndiyo iliyoniuma. Desemba ndiyo likizo ya binti yangu, aliyekuwa anasoma bweni Kilosa. Alikuwa amekwisha vunja ungo, mitihani yake ilikuwa Novemba, na Desemba ndipo tulipopanga awekwe ndani, afundwe, atolewe mwali. Kwetu anayemwambia mwali maneno yake ni bibi mzaa mama. Wanawake wengine wataimba, watacheza, watamwogesha, lakini yale maneno ni ya bibi, na nyimbo zake zinaongozwa na bibi. Akisimama mtu mwingine mahali pake, maana yake bibi amekwisha zikwa.

"Sasa unataka nimwambie mama yako mdogo asimame hapo, na mimi nimekaa pembeni nakodoa macho?" mama aliniuliza. "Niwe maiti iliyoketi?"

Msinishangae mkisikia kwamba mama alikuwa pia mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kila Jumapili, na sabuni ya kufulia vitambaa vya altare aliinunua mwenyewe. Kwake hayo hayakugongana. Padri alikuwa anajua kwamba wasichana wa milimani hupotea kidogo wakati wa likizo, naye alikuwa na adabu ya kutouliza.

Basi nikarudi kibandani na hasira zangu. Nikakaa, nikaangalia zile kaseti tupu zilizopangwa ukutani, nikajiambia, mbona jambo lenyewe ni rahisi, si tuyanase maneno yake kabla sauti haijatolewa? Lakini nikakumbuka. Kaseti mama hazitaki. Kuna kijiji kimoja, sikitaji, wanawake walinasa ngoma yao ya ndani kwenye kaseti. Ikaibwa, ikanakiliwa, ikaja kupigwa kilabuni wanaume wanacheka na vikombe vyao mkononi. Tangu hapo ukimtajia mama kaseti anatema mate chini. Nikainama chini ya meza, nikaitoa ile rekoda ya fedha. Haina kaseti. Hakuna cha kuchomoa, hakuna cha kutia kwenye redio ya mtu.

Nilifunga kibanda mchana kweupe.

Kuitayarisha hiyo rekoda lilikuwa darasa. Kijitabu chake cha maelezo kilikuwa na lugha nyingi, na yetu haikuwamo. Nilishika Kiingereza changu cha shule ya msingi na zile picha. Betri mbili nyembamba, za saizi ndogo kuliko zile za redio, mwanzo nikazitia kinyume. Nikazigeuza, kioo kikawaka, tarakimu zikaanza kupepesa. Kumbe ilikuwa inadai tarehe na saa kabla ya kukubali kazi yoyote. Tarehe nikaipa. Saa nikaiwekea yetu, siyo ya Kizungu, ili mama akiona mbili ajue ni asubuhi watoto wako shuleni. Pembeni kulikuwa na kiswichi cha kufunga vitufe visibonyezwe mfukoni. Nilikisukuma bila kujua, nikahangaika nusu siku nikidhani imekufa. Ndani yake ilikuwa na vyumba vitatu vya kuwekea sauti, A, B na C. Nilivipenda vile vyumba. Nikawa nanasa A malori yanayopita, B wateja wanaobishana nami, C kuku wa jirani, kisha nasikiliza na kucheka peke yangu.

Halafu nikakuta kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Kulikuwa na mahali pa kuamuru rekoda iamke yenyewe ikisikia sauti, na ikae kimya watu wakinyamaza. Kijitabu kilisema inaokoa betri. Nikasema ala, mashine hii ina akili! Mama mzee, macho hayaoni vizuri, atababaika na vitufe vya nini? Aseme tu, iamke, anyamaze, ilale. Nikaiwasha hiyo akili, nikapanda basi la Kilosa, nikashukia Kisanga na uso wa ushindi.

Mama alisikiliza maelezo yangu yote. Mama mdogo, mdogo wake anayekaa Chanzuru, alikuwa amekuja kumwangalia, naye alisogea karibu mpaka akanikanyaga. Nikamnasa mama akikohoa, nikamrudishia kikohozi chake. Mama mdogo akapiga kigelegele.

"Na nani atakuwa anaiendesha nikiwa nasema?" mama akauliza.

"Mimi, mama."

"Wewe?" Akanitazama kwa huruma kabisa. "Wewe si mama mwali?"

Jamani. Katika mbio zangu zote hilo halikunijia. Mama aliyemzaa mwali hakai ndani binti yake akiambiwa. Hata sauti haisikii. Siku hizo anaitwa mama mwali, anakaa nje, na mlango ule si wake. Mimi mwenyewe nilipokuwa ndani, mama alikuwa nje anapepeta mchele, na mpaka leo hajui bibi yangu aliniambia nini. Sasa mashine ni yangu, akili yake ninaijua mimi, na mahali inapokwenda kufanya kazi mimi siwezi kuingia. Na mama mdogo alikuwa anaogopa hata kuishika.

"Basi utanifundisha," akasema mama. "Nikiweza, nitakwenda kwa yule daktari wako. Nisipoweza, ni Desemba, na usinililie tena kwenye basi."

Nilimfundisha kwa vidole, kwa sababu herufi zilikuwa ndogo mno. Nilibandika punje ya ulezi kwa gundi juu ya kitufe cha kunasa. Penye punje, unasema. Kile kikubwa cha katikati, unasikia. Kile cha pembeni kilichozama ndani usikiguse, kinafuta.

"Maneno yakifutwa yanakwenda wapi?"

Lo, hapo nilimwona mama yangu ni mama yangu. Lilikuwa swali lile lile nililomuuliza yule mchuuzi.

"Hayaendi popote, mama. Yanakwisha."

"Hata wewe na bisibisi zako huwezi kuyarudisha?"

"Hata mimi."

Akatikisa kichwa, tukaendelea. Alijifunza haraka kuliko nilivyotarajia, isipokuwa alikuwa anabonyeza kwa nguvu za kukamua mbuzi. Kikifungwa kile kiswichi alikuwa anasema, "Amegoma," ananipa nimfungulie mgomo wake.

Asubuhi iliyofuata akajifungia chumbani na rekoda. Mimi na mama mdogo tukafukuzwa mpaka nyuma ya banda la mbuzi, tukapukuchua mahindi. Nilikuwa na raha. Nilikuwa najiona nimemshinda daktari, nimemshinda mama, nimeushinda na uvimbe wenyewe.

Mlango ukafunguliwa kabla hata debe halijajaa. Mama akaja amenuna, akanitupia rekoda mapajani.

"Chukua kitu chako. Huyu uliyemtia humo siyo mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Huyu hapumui. Anaita, kabla watu hawajaitikia anaita tena, anaita tena. Nani atamwitikia? Huu siyo wimbo, ni mtu anafukuzwa na nyuki."

Nikashika rekoda, kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha katikati. Mama akanikoholea. Mama mdogo akanishika mkono. Nikakumbuka: siwezi kusikiliza. Mashine imeharibika, fundi ni mimi, na fundi haruhusiwi kusikia inaumwa wapi! Wee, niliumia. Ikabidi niulize maswali kama daktari aliyewekewa pazia.

"Maneno yanakatika?"

"Mwanzo wake unaliwa kidogo. Halafu yanafuatana kama mbuzi mlangoni."

"Ulipokuwa unasema, ulikuwa unanyamaza katikati?"

"Ala! Nisinyamaze, wataitikia saa ngapi?"

Sikuelewa pale pale. Nilikuwa nimechoka na nina aibu, na mama alikuwa amekwisha geuka anaelekea shambani. "Ni Desemba," akasema bila kugeuka. Ile sauti ilikuwa imepungua hata tangu wiki iliyopita. Niliisikia inavyopungua, na nililia kule kule kwenye mahindi, mama mdogo ananipigapiga mgongoni na kuniambia nisidondoshee machozi chakula.

Nilirudi Mikumi siku hiyo hiyo. Nilichomwomba mama ni kwamba afute mwenyewe yale aliyonasa, ili niweze kuishika rekoda bila dhambi. Alifuta. Kesho yake nikafungua kibanda, lakini sikuuza kitu. Niliweka rekoda mezani, nikaita kama anavyoita mama akiwa anatwanga na wenzake, wimbo wa kinu tu, usio na siri: nikaita, nikanyamaza muda wa watu kuitikia, nikaita tena. Nikasikiliza. Kweli bwana! Mwito juu ya mwito, hakuna pa kupumua. Nikapiga makofi, nikaacha nafasi, nikapiga tena. Yakatoka makofi yamebanana kama ya mkutano wa hadhara. Nikaanza kucheka. Ile akili niliyoiwasha, ya kulala watu wakinyamaza, ndiyo iliyokula kimya chote cha mama. Iliona kimya ni kitu cha bure, haina haja ya kukiweka. Aliyeitengeneza, huko kwao, sidhani kama alimfikiria mtu anayenyamaza kwa sababu anasubiri wenzake.

Nikaizima akili hiyo. Nikaita, nikanyamaza, nikaita. Nikasikiliza, na kimya kikawemo. Nilikuwa sijapata kufurahi namna ile kwa kusikia kitu kisichosikika. Dereva mmoja wa lori alikuwa amesimama kununua betri, akaniuliza, "Mama, mzima?" Nikamwambia mzima kabisa, chukua betri zako.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Niliporudi Kisanga mama hakutaka hata kuiona. Alisema imekwisha kumchezea mara moja, na mtu hachezewi mara mbili na kitu kisichokuwa na miguu. Nilimwambia nimeirekebisha. Akasema nimekwisha kusikia. Nikamwambia daktari amesema tusisubiri. Akasema huyo daktari ana bibi? Mama mdogo akaingilia, akamwambia, "Dada, wewe utatuzika wote kwa ubishi." Akamjibu, "Nitawazika vizuri."

Niliacha kubishana. Nilichukua mchi, nikaanza kutwanga pale uani, na rekoda nimeiweka kwenye kiti nyuma yangu. Mama hawezi kuona mtu anatwanga vibaya. Alikuja, akaninyang'anya mchi, akaanza, na bila kufikiri akaanza kuita ule wimbo wa kinu, kwa kile kilichobaki cha sauti yake. Sikuitikia, na mama mdogo nilimkonyeza anyamaze. Mama akaita, akangoja, akatuona mabubu, akaita tena kwa hasira, akangoja. Mwisho akatupa mchi.

"Mmefiwa?"

Nikabonyeza. Sauti yake ikatoka kwenye kiti, ikaita. Halafu ikangoja. Kimya kilikuwa kirefu, cha kutosha kabisa, na ndani ya kimya hicho mama, mwenyewe, mdomo wake ukafunguka akaitikia. Hakuwa amekusudia. Ile rekoda ikaita tena, yeye akaitikia tena, safari hii akiiangalia. Akasogea mpaka kwenye kiti, akainama, wakaenda hivyo hivyo, mwito na jibu, mpaka mahali aliposema "mmefiwa", na hapo akacheka mpaka akashika ubavu.

"Huyu sasa ni mimi," akasema. "Ananingoja."

Alijifungia tena. Safari hii hakutoka upesi. Ilikuwa kila asubuhi baada ya kufungulia mbuzi anaingia na rekoda, anafunga mlango, na mimi nafukuzwa kama mbwa. Sauti ikichoka anapumzika, anakunywa maji ya moto na asali, anarudi. Nilikuwa naweka betri mpya na kufungua mgomo, basi. Siku aliyomaliza alikuja jikoni, akaweka rekoda kwenye kapu lake la nguo za safari, katikati ya khanga.

"Haya," akasema. "Twende kwa yule daktari wako mtoto."

Asubuhi ya kupasuliwa aliniita kitandani, akaniagiza habari za mbuzi mmoja mwenye kwato mbaya, na nani apewe mbegu za kunde. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Nilikuwa nimengoja mengine. Hata sasa nikikumbuka ile kwato nachukia, halafu nacheka.

Alipona. Daktari alitimiza alilosema, na mama akarudi Kisanga anapumua kwa tundu dogo shingoni, amelifunika kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe. Akitaka mtu alikuwa anapiga makofi. Akiwa na hasira alikuwa anapiga sufuria. Mbuzi walijifunza makofi upesi kuliko sisi.

Desemba binti yangu akaja, akawekwa ndani. Mimi nikakabidhiwa kigoda changu uani, nikaitwa mama mwali na kila apitaye, nikapewa mchele wa kupepeta. Ilipofika siku ya maneno, wanawake wakaingia. Mama akaingia amebeba rekoda kwa mikono miwili. Kisauti cha rekoda ni kidogo, kwa hiyo mama mdogo alichukua sufuria kubwa ya pilau, wakaitumbukiza humo, sauti ikavuma. Nilikuwa mbali, maneno hayanifikii, nasikia mvumo tu. Mvumo mmoja, halafu wanawake wote kwa pamoja, halafu mvumo. Ungo ulikuwa mkononi na sikupepeta hata punje.

Mara kicheko kikalipuka mle ndani, na makelele, na vigelegele. Mama mdogo akatoka nje anajifuta macho, hajui kama analia au anacheka.

"Hili naweza kukwambia, siyo la mwali," akasema. "Tumeitikia wimbo wa kwanza kizembe, unajua tena, wengine wanamtazama dada yangu wanalia. Mara hiyo sufuria ikasema, 'Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Aliyepasuliwa ni mimi. Rudieni!' Alijua! Alijua tangu mwezi ule kwamba tutaitikia vibaya."

"Na yeye amefanya nini?"

"Amekaa hapo, anatunyooshea kidole."

Akarudi ndani. Waliitikia sasa mpaka bati likatetemeka. Baadaye nyimbo zikakoma, mlango ukafunguliwa, na wanawake wote wakatoka, hata mama mdogo, wakaja kukaa nami uani kimya. Ndani walibaki watatu: mama yangu, binti yangu, na ile rekoda. Mvumo ukaendelea peke yake, wa chini, mrefu, bila kuitikiwa. Niliutazama ukuta ule wa udongo, nikasema moyoni, mama mwali gani huyu anayetamani kuwa panya.

Mwali alitoka, tukamcheza, akapendeza, akalia, akatunzwa, ikawa imekwisha. Wageni walipoondoka nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani, rekoda pajani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nilimwambia, mama, mila imetimia. Sitaki kujua ulimwambia nini. Sauti tu. Nataka kuisikia sauti yako, hata neno moja, hata lile la kutukana wanawake. Sina nyingine. Kile kipande cha wimbo wa kinu ulikifuta siku ulipoanza kunasa yako, ulisema kinakula nafasi.

Mama alinitazama, akanipapasa shavu. Halafu akachukua rekoda, kidole chake kikapita penye punje ya ulezi, kikapita kile kikubwa, kikaingia pembeni, kikabonyeza kwa nguvu za kukamua mbuzi, kikabaki hapo hapo. Kioo kikapepesa. Nikapiga kelele, nikamshika mkono, lakini nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Akanipa. Vyumba vyote vitatu vilikuwa na sifuri.

Nilikasirika mno. Sitaficha. Nilimwambia mama yangu mzee, asiyeweza kunijibu, kwamba ana roho ngumu kama jiwe la kusagia. Nilitoka nje, nikachukua ufagio nikafagia uwanja uliokuwa umekwisha kufagiliwa, vumbi mpaka kwa mbuzi, nafagia na kulia na kusema peke yangu.

Binti yangu akatoka jikoni. Alikuwa bado ana mafuta ya uwali usoni, ananukia. Alinifuata nyuma kidogo, akaniwahi, akaushika ufagio juu ya mkono wangu.

"Lete, mama. Kaa chini."

"Niache nifagie."

"Kaa. Nimeagizwa."

"Umeagizwa na nani?"

"Na bibi. Amesema wewe ukiumia huwa hukai, unatafuta kazi. Amesema tangu mdogo. Amesema nisikuache."

"Amesema nini kingine?" Nilimshika mabega. "Amesema nini kingine juu yangu?"

Akaninyang'anya ufagio, akanisukuma taratibu mpaka kwenye kigoda, akanikalisha kama mtoto.

"Mama," akasema, "hayo ni yangu."

Akaanza kufagia. Nikakaa.